Kufunga na Kukata: Historia ya Umbo la Vazi la Bibi Harusi katika Ngara na Biharamulo

Umbo la vazi, yaani mstari wa nje unaochorwa na nguo mwilini kuanzia mabegani, kupitia kiunoni, hadi kwenye upindo, huonekana kuwa suala la maduka ya siku hizi, lakini katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, lina historia ndefu kuliko gauni jeupe lenyewe. Historia hiyo ni ya mbinu mbili za kuuvika mwili: kufunga, ambako kitambaa kizima huzungushwa na kukazwa mwilini, na kukata, ambako kitambaa hupasuliwa vipande kwa kipimo na kushonwa upya. Katika mbinu ya kwanza mwili ndio unaolipa vazi umbo, na katika ya pili vazi huja na umbo lake, mwili ukatakiwa kulifuata.

Kabla ya nguo za pamba kuenea, Wahangaza na Washubi wa Ngara, pamoja na Wasubi na Wazinza wa Biharamulo, walikuwa sehemu ya eneo la Maziwa Makuu ambamo mavazi yalitokana na ngozi na magome ya miti. Gome la mtoma, mti wa jamii ya mkuyu, lilibanduliwa likiwa bichi, likagongwa kwa nyundo ya mti yenye mifereji hadi likatanuka na kulainika, kisha likaanikwa juani. Warundi waliliita impuzu na Wahaya rubugo. Kitambaa cha namna hiyo hakina ulegevu wa hariri: kikifungwa kifuani hushuka wima na kuficha kiuno, na kikikazwa kwa mshipi hutoa mikunjo mizito nyongani. Urefu wa mkunjo, mahali pa fundo na mkazo wa mshipi vilitosha kubadili umbo la mvaaji bila mkasi kugusa chochote, na kwa maana hiyo uchaguzi wa umbo ulikuwapo kabla ya fundi cherehani.

Mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke, akiwa njiani kutafuta chanzo cha Mto Nile, alipita Usui, nchi ya mtawala Suwarora iliyokuwa katika eneo la Biharamulo ya leo, akatozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa vitambaa, ushanga na nyaya za madini. Bidhaa hizo zilipanda bara kwa misafara kutoka pwani: merikani, kitambaa cha pamba kilichopata jina lake kwa sababu kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, na kaniki, kitambaa chenye rangi ya nili iliyokolea. Vitambaa hivyo vilikuwa fedha na heshima kabla ya kuwa nguo za kila mtu. Vilipofika miilini mwa wanawake wa kawaida vilileta badiliko ambalo halikuhitaji mshono, kwa kuwa pamba hulala juu ya nyonga na kuifuata, tofauti na gome linalosimama peke yake. Hata hivyo mbinu ilibaki ileile ya kufunga, na kanga na kitenge viliirithi.

Katika safari hiyohiyo Speke alifika Karagwe, jirani wa kaskazini, kwa mfalme Rumanika, akawakuta wanawake wa nyumba ya kifalme walioneneshwa kwa maziwa, na akampima shemeji mmoja wa mfalme: kifua chake kilikuwa futi 4 na inchi 4, yaani takriban sentimita 132. Speke alipima ili astaajabu, lakini wenyeji wake waliuona unene huo kuwa ushahidi wa ng'ombe wengi na wa ukoo unaojiweza. Desturi hiyo ilikuwa ya watawala na wafugaji, wala haiwezi kupachikwa kwa kila mkulima wa jembe, lakini inaonyesha wazi kwamba kauli inayorudiwa leo, kuwa vazi zuri ni lile linalompunguza bibi harusi, si sheria ya kale wala ya mahali pote.

Mbinu ya kukata iliingia kwa nguvu pamoja na makanisa. Wamisionari wa Afrika, walioitwa Mapadri Weupe, na Waanglikana, waliojenga Katoke katika Biharamulo na Murgwanza katika Ngara, walileta ndoa ya mbele ya altare, shule na cherehani, na pamoja navyo gauni jeupe. Weupe huo wenyewe haukuwa wa kale: ulipata umaarufu Ulaya baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa akiwa amevaa nyeupe mwaka 1840. Vazi hilo lilipata jina la shela, neno ambalo kwanza lilikuwa la kitambaa cha kufunika kichwa na uso, kisha katika Kiswahili cha bara likapanuka hadi kulibeba gauni zima. Kukata kulidai ujuzi mpya: dati, yaani mkunjo mwembamba unaoshonwa ili kitambaa kibonyee kiunoni na kujaa kifuani, marinda ya kutanua sketi, na mkia, yaani sehemu ya upindo inayoburuzwa nyuma.

Maumbo yanayotajwa sasa katika maduka ya harusi yametoka katika ujuzi huo. Umbo la herufi A, ambalo mbunifu Mfaransa Christian Dior alilipa jina mwaka 1955, hubana juu na kutanuka taratibu, hivyo husitiri nyonga pana na kumrefusha mwenye kimo kifupi. Gauni la kumwagika, lenye sketi ya duara inayoanzia kiunoni, humpa nyonga asiyekuwa nazo, ingawa huweza kummeza mwenye mwili mdogo. Umbo la nguva hubana hadi magotini na kuachia chini, na hupendeza mwili wenye kiuno kilichoingia, ila humnyima mvaaji hatua ndefu, jambo lisilo dogo katika vilima vya Bugufi, huko Ngara.

Hata hivyo uchaguzi huu haukuwa huru kila wakati. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, kitambaa kilikuwa adimu nchini Tanzania ijapokuwa viwanda vya nguo kama Urafiki na Mwatex vilikuwapo. Kulegezwa kwa biashara katikati ya muongo huo kulifungua mlango wa mitumba, yaani nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo. Leo barabara kuu inayotoka Kahama, kupitia Nyakanazi na Lusahunga hadi Rusumo mpakani mwa Rwanda, huleta mashela ya kukodi, ambayo hayakukatwa kwa kipimo cha msichana yeyote wa Ngara wala Biharamulo.

Hapo ndipo mbinu ya kale imerudi. Mashela mengi ya kukodi hayana zipu mgongoni bali yana safu mbili sambamba za vitanzi, ambamo utepe hupitishwa kwa kupishana na kuvutwa: mpambaji husimama nyuma ya bibi harusi, huvuta kuanzia katikati ambako kiuno kinahitaji mkazo, hulegeza juu ili kifua kipumue, kisha hufunga fundo na kulificha. Gauni moja huwatosha wembamba na wanene kwa sababu linafungwa. Katika sherehe ya kumuaga binti, inayoitwa sendofu, baadhi ya mabibi harusi huvaa mushanana, vazi la nchi jirani ya Rwanda lenye sketi ndefu na kitambaa chepesi kinachopitishwa juu ya bega moja, na hapo kufunga hakujifichi tena.

Bibi harusi anayetafuta umbo la kumpendeza anastahili kuelezwa historia hii kabla ya kuoneshwa picha. Akijua kwamba kwa vizazi vingi katika nchi hii nguo ndiyo iliyorekebishwa ili iukubali mwili, hataona aibu kumwambia mpambaji alegeze utepe.