Swali na Mwulizaji: Kutoka ELIZA Hadi Akili Mnemba

Wapo wenzetu wanaodai kwamba kuiagiza akili mnemba ni kazi ya watu wa kompyuta, eti sisi wa fasihi haituhusu. Kwa maoni yangu dai hili halina mashiko, na historia yenyewe inalipinga.

Hebu tuanzie mwaka 1966. Mwaka huo Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alichapisha maelezo ya programu yake, ELIZA. Jina alilitoa kwenye fasihi: Eliza Doolittle ni muuza maua anayefundishwa kusema kama mabibi wa tabaka la juu katika tamthilia ya Bernard Shaw, Pygmalion. Programu hii ilitafuta neno fulani katika sentensi ya mtu, kisha ikamrudishia swali. Ukimtaja mama yako, inakutaka ueleze zaidi kuhusu jamaa zako. Basi! Haikuelewa kitu. Hata hivyo watu waliimwagia ya moyoni, jambo lililomshtua Weizenbaum hata akatoa kitabu cha kuonya mwaka 1976. Maana yote ilitoka kwa mwulizaji.

Mashine za siku hizi zina uwezo mkubwa zaidi, lakini mwulizaji hajaondoka. Mwaka 2020 watafiti wa OpenAI walionyesha kwamba GPT-3, ikipewa mifano michache ndani ya agizo, huifuata bila kufundishwa upya. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo na Google waliongeza maneno machache tu, yaani tufikiri hatua kwa hatua. Katika jaribio moja la hesabu majibu sahihi yakapanda kutoka asilimia 17.7 hadi 78.7. Mashine ileile, maswali yaleyale; kilichobadilika ni maneno. Sasa kama huu si uwanja wetu, ni wa nani?

Tuchukue Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971). Ukiandika "nihakikie riwaya hii", utaletewa maneno ya jumla yanayoweza kubandikwa kwenye riwaya yoyote. Lakini uliza hivi: "Ukali wa Zakaria unachangiaje anguko la Rosa? Toa hoja tatu, kila moja na tukio lake, na hoja moja ya kuzipinga. Wasomaji ni wanafunzi wa mwaka wa pili." Hapo umetaja mada, ushahidi, umbo na hadhira. Ndiyo fani na maudhui tunayofundishwa kila siku!

Tatizo ni kwamba swali la pili haliwezi kuulizwa na mtu asiyeisoma riwaya. Tena, mashine huweza kubuni tukio ambalo halimo kitabuni na kulisimulia kwa lugha safi kabisa. Asiyesoma atalimeza zimazima.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ni kweli, lakini kuuliza vizuri kunadai usomaji, na kazi hiyo bado ni yetu. Tusome kwanza, ndipo tuagize.