Nani Anauelewa Mtambo? Vyumba vya Udhibiti, Kutoka Hale hadi Handeni

Historia ya viwanda vyetu huandikwa kwa megawati, tani na mabilioni ya shilingi. Ni nadra kuandikwa kwa macho na masikio ya mfanyakazi wa zamu ya usiku. Makala haya yanaanza na mfanyakazi huyo. Leo miji ya Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani imo katika mradi mmoja mkubwa wa maji, ule unaojulikana kama mradi wa miji 28. Mitambo ya sasa huongozwa kwa kompyuta. Kwa hiyo swali la nani ataielewa kompyuta hiyo ni la kisiasa kama lilivyo la kihandisi.

Tuanze na mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na kuenea hadi Korogwe. Kiwandani, mahali wafanyakazi walipopaita korona, mashine ilijulikana kwa mlio wake, kwa joto lake na kwa rangi ya singa zilizotoka. Tusiitukuze hali hiyo. Manamba hakuwa na kauli juu ya mwendo wa mashine aliyoilisha, hata kama aliijua kuliko mwenye shamba. Ujuzi ulikuwa wake, mamlaka hayakuwa yake.

Mwaka 1964 kituo cha umeme cha Hale, wilayani Korogwe, kilianza kazi kwa mitambo miwili yenye jumla ya megawati 21. Katika kizazi hicho, vituo vya namna hiyo duniani kote viliongozwa kwa ukuta wa geji, taa na swichi. Ukuta ulikuwa na fadhila yake: kila kipimo kilikuwa na mahali pake pa kudumu. Aliyezoea alitazama mara moja tangu mlangoni akajua kama mambo ni shwari, na mwanagenzi alijifunza kwa kusimama nyuma ya mkubwa wake.

Lakini ukuta nao uliweza kudanganya. Machi 1979, katika kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, vali moja ilikwama ikiwa wazi. Taa iliyohusika ilionyesha tu kwamba amri ya kuifunga vali imetumwa. Haikuonyesha kama vali imefunga kweli. Kengele zaidi ya mia zililia. Waendeshaji, wakiamini walichokiona, walipunguza maji yaliyokuwa yakiuokoa mtambo. Waliobuni ubao ule walikuwa wamechanganya amri na utekelezaji. Mtumishi wa umma hatashindwa kuutambua ugonjwa huo.

Wakati huo mfumo mpya ulikwisha kuzaliwa. Mwaka 1975 kampuni ya Honeywell ya Marekani ilitoa TDC 2000, na Yokogawa ya Japani ikatoa CENTUM. Badala ya kompyuta moja kubwa, kazi iligawanywa kwa vidhibiti vidogo vingi vilivyounganishwa na skrini. Kidhibiti kimoja kikiharibika, kiwanda chote hakisimami. Kumbukumbu zilihifadhiwa, na watu wachache waliweza kuongoza mitambo mingi.

Faida hiyo ilikuwa na gharama. Skrini huonyesha kipande kimoja kwa wakati mmoja, na mwendeshaji hulazimika kuubeba mtambo mzima kichwani. Zaidi ya hapo, katika ukuta wa zamani kila kengele ilidai taa, waya na nafasi, hivyo mhandisi alifikiri kabla ya kuiongeza. Katika kompyuta kengele haikugharimu kitu, nazo zikaongezwa bila hesabu. Julai 1994, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texaco huko Milford Haven, Uingereza, waendeshaji wawili walipigiwa kengele 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Kengele zote zinapolia pamoja, hakuna inayosikika.

Mwaka 1999 mwongozo wa EEMUA 191 ulichapishwa Uingereza, ukisisitiza kwamba katika hali ya kawaida mwendeshaji asipate zaidi ya kengele moja kwa takriban dakika kumi. Wabunifu wa skrini nao wakajifunza kutumia rangi tulivu, nyekundu ikabaki kwa ajili ya hatari. Basi ubora wa mfumo haupimwi kwa upya wake. Hupimwa kwa kuangalia kama mtu aliyechoka, saa tisa usiku, anatambua upesi kilichoharibika na la kufanya.

Turudi Handeni. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji karibu na kwake. Katika muongo huohuo ulijengwa mradi wa bomba kuu la Handeni, unaojulikana kama HTM, kupandisha maji ya Mto Pangani kutoka Korogwe. Katika bomba refu la namna hiyo, aliye mtoni lazima ajue hali ya tangi asiloliona. Akikosea, kosa lake huonekana kwenye foleni ya ndoo huko Handeni.

Kwa sababu hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, waendeshaji wenyewe wajaribishe mfumo kabla mkataba haujasainiwa, wapewe hitilafu ya mfano na muda wao upimwe. Pili, kengele na maelekezo viandikwe kwa Kiswahili pia. Mwaka 2021 tulibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Sioni kwa nini hakimu astahili lugha yake na mwendesha pampu asistahili. Tatu, mafunzo yasiishe mkandarasi anapofungasha virago.

Manamba aliijua mashine bila kuwa na kauli juu yake. Itakuwa hasara kubwa tukimkabidhi mjukuu wake mashine asiyokuwa na kauli juu yake, na sasa asiyoijua pia.