Toka Kibuyu Hata Chupa: Habari za Vyombo vya Pombe

Waandikao habari za kale hutaja vita na watawala, wakasahau vyombo vya nyumbani. Basi sisi wa Madale twataka kueleza chombo kimoja, nacho ni chupa. Maana katika nchi yetu akina mama wengi hulisha watoto wao kwa kupika pombe, na chupa isiyofaa yaweza kuwatia hasara, hata majeraha.

Pwani hii tangu zamani yajua tembo la mnazi. Mgema hukata ncha ya karara, akatungika kibuyu, hata asubuhi akashuka nacho. Huko bara Wachaga walipika mbege kwa ndizi na ulezi, na watu wa Iringa waligema ulanzi katika mianzi. Kibuyu na mtungi vilikuwa na mdomo wazi, nayo ilikuwa hekima, kwa kuwa pombe ichachukayo hutoa hewa, na hewa ile ilipata njia. Lakini tembo halingoji: la leo, kesho laelekea kuwa siki.

Chupa ya bia ililetwa na wageni. Mwaka 1876 Louis Pasteur wa Ufaransa alitoa kitabu akaonyesha ya kuwa bia huharibiwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wenye viwanda wakajifunza kupasha chupa moto wa kadiri ya digrii 60, ili hamira ife. Mwaka 1892 William Painter wa Baltimore, Marekani, akapata hati ya kizibo cha bati chenye meno. Kiwanda cha bia kikaanzishwa Nairobi mwaka 1922, na Dar es Salaam mwaka 1933. Lakini kwa miaka mingi ya ukoloni sheria iliwazuia Waafrika bia hiyo. Ndiyo maana chupa ikawa alama ya heshima.

Hapo ndipo penye hatari. Watu waliiona chupa, hawakuuona ule moto. Atiaye pombe ingali hai katika chupa na kuiziba, afunga hewa isiyo na njia, na chupa hupasuka kama bomu.

Basi mwenye kuchagua na achague hivi. Kwanza, chupa nene iliyofanywa kwa bia. Ya pombe kali haifai, haikufanywa kustahimili hewa. Pili, vizibo vipya na kibanio cha mkono kivibanacho sawasawa. Tatu, mpira wa kujazia na brashi ya kuoshea, maana uchafu ndio uletao siki. Tena asizibe kabla pombe haijatulia kuchachuka.

Mtu asiseme chombo ni jambo dogo. Mwaka 1967 serikali ilitwaa kiwanda cha Dar es Salaam, na chupa zile zile zikaendelea; lakini mwaka 2017 ilikataza viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali, kwa kuwa kwa wepesi wake na urahisi wa bei vilifika hata mikononi mwa watoto. Pombe haikukatazwa, chombo ndicho kilichokatazwa.