Shule ya Mtaani na Mtoto wa Kiislamu: Historia ya Kuwasimulia Watoto Bugolobi



Kila mwaka wa masomo unapokaribia, wazazi wa Kiislamu hapa Bugolobi huulizana swali lile lile: mtoto apelekwe shule ya msingi ya mtaani, anakosoma na watoto wa kila dini na kabila, au atafutiwe shule ya Kiislamu hata kama iko mbali? Swali hili si geni. Babu zetu waliulizana hivyo hivyo, na jibu lao liliwagharimu.

Uislamu ulitangulia kufika Buganda. Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suna wa Pili, na mrithi wake, Mutesa wa Kwanza, alianza kufunga Ramadhani mwaka 1867. Wamisionari wa Kiprotestanti walikuja mwaka 1877, Wakatoliki mwaka 1879. Lakini shule za kisasa zilianzishwa nao: Namilyango mwaka 1902, Budo mwaka 1906. Serikali ya kikoloni haikuwa na idara ya elimu hadi mwaka 1925, kwa hiyo aliyetaka mwanawe asome ilimbidi abishe hodi kanisani. Wazee wetu walihofu kwamba mtoto angeingia akiitwa Juma na kutoka na jina la ubatizo.

Wengi wakawaacha watoto katika madrasa peke yake. Dini ilihifadhika, alhamdulillah, lakini milango ya ofisi ikafungwa. Waislamu wakajulikana kwa uchinjaji, udereva na biashara ndogo ndogo. Ni kazi za halali, ila wengi hawakuwa na nyingine ya kuchagua.

Mwaka 1944 ikaundwa jumuiya ya elimu ya Waislamu wa Uganda, UMEA, chini ya uongozi wa Mwanamfalme Badru Kakungulu, mtoto wa Nuhu Mbogo. Yeye alitoa ardhi kilimani Kibuli, si mbali na hapa kwetu, ukajengwa msikiti na shule. Baada ya uhuru wa mwaka 1962, serikali nayo ikachukua usimamizi wa shule za madhehebu zilizopata fedha za umma, ili mtoto asizuiwe kwa ajili ya dini yake. Kisha mwaka 1997 ukaanza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na wanafunzi nchini wakaongezeka kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5.

Kwa hiyo mzazi wa leo ana njia mbili, na zote zilipiganiwa. Shule ya serikali kama Kiswa, iliyo chini ya mamlaka ya jiji la Kampala, ni haki ya mtoto wako sawa na wa jirani. Hata mtihani wa kumaliza darasa la saba una maswali ya dini ndani ya somo la maarifa ya jamii, na mtoto huchagua ya Kiislamu au ya Kikristo.

Lakini haki iliyo kwenye karatasi haijifundishi yenyewe. Mzazi, umeuliza nani anafundisha somo la Kiislamu shuleni kwa mwanao? Umeuliza habari za swala ya Ijumaa na chakula cha mchana? Unahudhuria mkutano wa wazazi, au unalalamika ukiwa nyumbani?

Nanyi wanafunzi, dini yetu imesisitiza haki ya jirani, na mwenzako wa dawati ni jirani. Tarehe 3 Juni anapokumbuka mashahidi wake wa Namugongo, msikilize kwa adabu. Kisha msimulie kwamba Waislamu wapatao 70 nao waliuawa huko kwa amri ya Mutesa, miaka kumi hivi kabla yao, kwa kushikamana na dini yao. Mkijua hivyo nyote wawili, itakuwa vigumu kudharauliana.

Hofu ya babu zetu ilikuwa na sababu. Wakati wao mzazi hakuwa na sauti shuleni. Sisi tunayo, basi tuitumie.

Wabillahi tawfiiq.