Tulimlilia Kanumba, kopi feki mkononi

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi, kazi za gazeti zimenibana mpaka nikasahau nywila ya ukurasa wangu mwenyewe. Leo nimerudi na jambo lililonikaa kichwani tangu mhariri wangu aliponitania mbele ya watu kwamba mimi ni mwandishi wa wasanii mahututi. "Msanii akilazwa tu, tunakutuma wewe," alisema. Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka. Jioni nikakaa nikahesabu. Katika habari kumi na moja nilizowahi kuandika kuhusu waigizaji wetu, nane zilikuwa za ugonjwa, msiba au michango ya matibabu. Tatu tu ndizo zilizohusu kazi yao.

Basi nikaanza kujiuliza nilianza lini kuwajua watu hawa kupitia vifo vyao. Jibu lilinirudisha nyumbani, Kitaji, Musoma mjini, Jumamosi ya tarehe 7 Aprili 2012.

Ilikuwa mkesha wa Pasaka. Nilikuwa shule ya msingi bado. Mama alikuwa uani anachagua mchele wa sikukuu, redio ya jirani ikiwa juu kama kawaida yake, tukasikia kwamba Steven Kanumba amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Miaka 28. Mama aliacha ungo. Sisi watoto tulikimbilia kwa mwenye banda la video, kana kwamba yeye ndiye ndugu wa marehemu. Na kweli alijifanya ndugu wa marehemu! Tangu saa nne asubuhi alikuwa anaonyesha filamu za Kanumba mfululizo, na kiingilio kilichokuwa shilingi 100 kilipanda kuwa 200. Tulilipa. Tulilia mle ndani gizani, wakubwa kwa wadogo. Nakumbuka vizuri CD zenyewe: nyeupe, hazina picha yoyote, jina la filamu limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Zilikuwa za kuchoma, na tulijua. Wala hatukuona ubaya wowote.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana habari hii haikuanzia kwenye banda.

Sisi watu wa Mara tuna uhusiano wa ajabu na maigizo. Mtu maarufu kuliko wote aliyezaliwa kwetu, Mwalimu Nyerere wa Butiama, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare akiwa rais wa nchi. Ile ya Julius Caesar ilitoka kwanza mwaka 1963, ikarudi mwaka 1969 ikiwa imerekebishwa kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Vitabu hivyo viko kwenye kabati la nyumbani kwetu mpaka leo, kando ya Biblia. Lakini tangu nizaliwe sijawahi kumwona mtu akiviigiza jukwaani Musoma. Vinaheshimiwa kama vitabu. Maigizo yenyewe hayahesabiwi kuwa kazi. Hebu mwambie mzee yeyote wa kwetu kwamba unataka kuwa mwigizaji. Atakuuliza kama jeshini wamekukataa. Kwake kazi ni ualimu, jeshi, samaki, migodi. Mwigizaji ni mtu anayetuchekesha jioni, kisha kesho yake anakwenda kutafuta kazi.

Babu yangu, mkulima wa upande wa Butiama, anaweza kukuigizia sauti za Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania Dar es Salaam mpaka ukashika mbavu. Nilimuuliza likizo iliyopita: babu, hao watu waliitwa nani? Akanishangaa. "Si nimekwambia, Pwagu na Pwaguzi." Nikasema hapana, majina yao ya kuzaliwa. Akafikiri, akaniambia, "Mjukuu wangu, hayo wanayajua mama zao."

Jibu hilo limenifanya nifikiri sana. Angalieni orodha ya waigizaji wetu wa zamani. Mzee Jongo, Mzee Jangala, Mzee Pembe, Bi Hindu, Muhogo Mchungu, Mzee Small, King Majuto, Mzee Kipara. Hayo ni majina ya wahusika waliokuja kumeza watu. Kizazi hicho kilitokea redioni na kwenye vikundi vya sanaa vilivyokuwa vinachanganya ngoma, sarakasi, taarabu na vichekesho katika onyesho moja, watu wakiwa na chupa zao mezani. Jina la kuchekesha lilisaidia. Lakini lilikuwa na gharama yake, kwa sababu mtu asiyejulikana jina lake hana anachoweza kudai. Anayedai ni Amri Athumani. Majuto ni wa watu wote. Na sisi wa magazeti tuna mtindo wetu ambao sikuwahi kuutilia maanani mpaka nilipokwenda kuchimbua nakala za zamani: jina halisi la mwigizaji tunaliandika kikamilifu siku ya tanzia. Fundi Said, wengi tulimjua kwa jina hilo Januari 2012, Mzee Kipara alipofariki. Hussein Mkiety, tulimjua Novemba 2012, Sharo Milionea alipopata ajali ya gari Muheza, Tanga. Said Ngamba, Juni 2014.

Televisheni ndiyo iliyobadilisha mambo. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, ila huku bara tulisubiri mpaka 1994. Wadogo zangu hawaamini nikiwaambia. ITV ilipoanza kurusha michezo ya vikundi kama Kaole, sura zikaanza kujulikana, na sura haidanganyi kama sauti. Kijana mmoja wa Shinyanga, aliyezaliwa tarehe 8 Januari 1984 na kusoma Shule ya Msingi Bugoyi kabla ya kuhamia Dar na kumalizia sekondari Jitegemee, alijiunga na Kaole mwaka 2002. Alicheza Jahazi, akacheza Dira. Mwaka uliofuata ikatoka Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson, na watu wakagundua kwamba filamu ya Kiswahili inaweza kuuzwa madukani. Nigeria walikuwa wameshatuonyesha njia tangu Living in Bondage ya mwaka 1992: kamera ya video, nyumba ya rafiki, wiki mbili za kazi, mkanda sokoni. Hatukuwa na majumba ya sinema ya kutosha, lakini mabanda tulikuwa nayo kila mtaa.

Kilichonivutia kwa Kanumba, sasa ninapomtazama kwa macho ya ukubwani, si uigizaji wake. Nitasema ukweli, mara nyingine alizidisha, na kilio chake kilikuwa kirefu kuliko kisa. Kilichonivutia ni jina. Hakujiita Mzee fulani wala King fulani. Alijiita Kanumba, jina la baba yake, akaongeza The Great mbele ya watu wote bila aibu, na kampuni yake ya kutengeneza filamu akaipa jina hilohilo. Tulimwona ana majivuno. Alikwenda kufanya kazi na Wanigeria katika Dar to Lagos mwaka 2006, akaja kucheza na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom mwaka 2011. Alipoingia kama mgeni kwenye jumba la Big Brother mwaka 2009, kilichojadiliwa hapa nyumbani kilikuwa Kiingereza chake. Sisi haohao tusiokijua ndio tuliomcheka zaidi.

Hapa ndipo fedha inapoingia, na naomba mnivumilie kwa sababu ndiyo sehemu isiyozungumzwa misibani. Mtayarishaji alimaliza filamu, akachukua masta yake mpaka Kariakoo, akamuuzia msambazaji kwa bei ya mara moja. Akishapokea, basi. Filamu iuze nakala elfu tano au laki moja, yeye hamo tena, na mwigizaji aliyelipwa na mtayarishaji huyo ndiyo kabisa hamo. Sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu mwaka 1999, ikazaa COSOTA, lakini sheria hailindi kitu ulichokwisha kukiuza kwa saini yako. Halafu msambazaji naye akaibiwa na wachomaji. Filamu ilikuwa inafika Musoma kwa basi, na jioni ileile inazidishwa kwenye kompyuta ya mtu pale Nyasho. Serikali ikaja na stempu za kodi kwenye CD na DVD mwaka 2013. Kwenye banda letu sikuwahi kuiona stempu hata moja.

Siku moja nilipiga hesabu ya lile banda la Kitaji. Watoto na vijana arobaini kwa shilingi 100 ni 4,000. Mara tatu kwa siku ni 12,000. Mwenye banda alisomesha watoto wake kwa Kanumba, na simlaumu, alikuwa mtu mwema, alituruhusu kuingia wawili kwa mia moja kama mmoja ni mdogo. Ila Kanumba hakupata senti, na mimi ndiye niliyelipa mahali pasipostahili.

(Hapa niseme jambo la pembeni. Mle bandani ndimo nilimojifunza kwamba mimi ni "Mkurya". Kwetu sisi ni Wajita, wengine Wakwaya, Wazanaki, Waruri, Wajaluo, lakini kwenye vichekesho vya Dar mtu yeyote wa Mara ni Mkurya, ni mlinzi wa geti au askari, anapiga kelele na anataka ugomvi. Tulikuwa tunacheka kuliko watu wote. Nilipofika chuo kikuu wenzangu wakaniomba niongee "kama mlinzi". Sikucheka tena.)

Tuendelee. Kanumba alizikwa Jumanne tarehe 10 Aprili 2012 makaburi ya Kinondoni, baada ya kuagwa viwanja vya Leaders. Makamu wa Rais wakati huo, Dkt. Mohamed Gharib Bilal, alikuwepo. Watu walikuwa wengi kiasi kwamba wengine walizimia. Hakuna mwigizaji wa nchi hii aliyewahi kuagwa hivyo. Kesi iliyofuata ilichukua miaka, ikaisha Novemba 2017 kwa hukumu ya kuua bila kukusudia, na sitaki kuirudia. Nimehesabu tena kwenye maktaba ya gazeti letu: kurasa tulizoipa kesi ile ni nyingi mara kadhaa kuliko kurasa tulizowahi kuzipa filamu zake akiwa hai.

Baada ya hapo kikaja kipindi ambacho watu wa filamu hawapendi kukikumbuka. Juma Kilowoko, yaani Sajuki, aliugua muda mrefu, akachangiwa, akapelekwa India, akafariki tarehe 2 Januari 2013. Mwaka 2014, ndani ya wiki tatu tu, tulimpoteza Adam Kuambiana tarehe 17 Mei, Rachel Haule tarehe 27, George Tyson wa Girlfriend tarehe 30 kwa ajali mkoani Morogoro, na Mzee Small tarehe 7 Juni. Wenye imani zao walisema ni mkosi, wengine wakataja mambo ya giza. Mimi naona sababu za kawaida kabisa: ajali, uzazi, kiharusi. Nchi hii inaua watu wengi kwa mambo hayo kila wiki. Tofauti ni kwamba hawa tulikuwa tunawajua sura, ndiyo maana tukashtuka kwamba hata mtu wa kwenye runinga huchangiwa kwa bakuli.

Mwaka 2018 ikawa zamu ya Amri Athumani wa Tanga, King Majuto, mtu aliyekuwa jukwaani tangu utotoni na ambaye uso wake ulikuwa kwenye matangazo ya biashara kila ulipogeuka. Alipougua ikabainika kwamba matangazo yote yale hayakumwachia akiba inayolingana na umaarufu wake. Dkt. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya sanaa, akaunda kamati ya wanasheria kupitia mikataba ya wasanii. Mzee alipelekwa India, akarudi, akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, siku chache baada ya kutimiza miaka 70. Mkataba ulianza kusomwa vizuri mwenye saini akiwa kitandani.

Nilikwenda Kitaji mwezi uliopita. Banda halipo, pamekuwa duka la vifaa vya simu. Mwenye banda wa zamani bado yupo, amezeeka, anakaa kibarazani na bao lake. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, akanitambua kwa sauti. Nikamuuliza kama anakumbuka ile Jumamosi. Alikumbuka mpaka filamu aliyoanza nayo. Akaniambia siku ile aliingiza pesa nyingi kuliko siku yoyote, na jioni, akiwa anafunga, alijaribu kufikiri kama kuna mahali angeweza kutuma rambirambi. Hakujua pa kuituma.

Nikamuuliza pesa zile alizifanyia nini. Akasema alinunua nyama ya Pasaka, na zilizobaki akanunua CD tupu.