Watetezi wa kliniki binafsi za tiba ya viungo

Sheria ya mwaka 1977, enzi za Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani Mara, ilizuia huduma binafsi za afya za kibiashara; marekebisho ya mwaka 1991 yakaziruhusu tena. Wataalamu wa fiziotherapia wana chama chao, APTA. Wamiliki wa vituo binafsi wana APHFTA.

Uongozi wa vyama vya namna hii aghalabu ni wa kujitolea. Mwenye kliniki ndogo Musoma au Bunda akienda Dodoma kujadili leseni, au malipo ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, hupoteza siku kadhaa za kipato. Asipokwenda, viwango hupangwa bila yeye. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeyapa majadiliano hayo uzito zaidi.