NGOMA YA AKINA MAMA WA HUYE NA SANDUKU LETU



Katika kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, tumeona tuandike na historia ya akina mama wa ng'ambo ya Rusumo, maana inatuhusu.

Sisi wa Ngara mambo ya Rwanda hatukuyasikia redioni tu. Mwisho wa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Tuliwaona na magodoro kichwani, watoto mgongoni. Kule Rwanda, kwa siku kama 100, waliuawa Watutsi, na Wahutu waliokataa mauaji, watu 800,000 na zaidi.

Mauaji yakakoma Julai. Lakini mjane akabaki jirani na mke wa aliyefungwa kwa kuua. Soko ni moja, kisima kimoja, salamu hakuna.

Mwaka 2004, mjini Huye, zamani Butare, Bi. Odile Katese alianzisha kikundi cha wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya, yaani Ngoma Mpya. Tangu enzi za wafalme ngoma zile zilikuwa za wanaume, mwanamke haruhusiwi. Wakaja wajane, wakaja yatima, wakaja na wake za wafungwa. Ngoma zile hupigi peke yako. Lazima umtazame mwenzio na kumsikiliza. Ukienda mbio unaziharibu zote. Hata usiyemsalimia, hapo unamhitaji. Mwaka 2010 likafunguliwa hapo Huye duka la ushirika la aiskrimu, Inzozi Nziza, Ndoto Tamu, nao wakapata kazi.

Hata kwetu tulipoanza walikuwepo wasioongea kwa sababu ya mipaka ya shamba. Na sanduku letu lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu. Wasipoelewana halifunguki, na hisa zetu zinakaa humo. Ndiyo maana tukaweka utaratibu: kwanza tunaimba wote, ndipo sanduku linafunguliwa.

Wimbo haupimi shamba, wazee ndio waliopima. Na Rwanda ngoma haikuchukua nafasi ya mahakama. Kesi za gacaca ziliendelea hadi 2012. Ila wimbo uliwakalisha wagomvi benchi moja mpaka wazee wakafika.

Basi akina mama, anayechelewa wimbo asiseme amewahi kikao. Tuendelee kuimba, na hisa tulete.